Kazi Moja kwa Idara Nzima: Mwongozo kwa Mkuu wa Idara ya Sosholojia

Barua ya uteuzi wa mkuu wa idara kwa kawaida huja na orodha ya majukumu: kugawa kozi, kupanga ratiba, kusimamia mitihani, kuhudhuria vikao vya bodi ya ndaki, kujaza fomu za tathmini za watumishi, kusuluhisha walimu na wanafunzi wao. Isome mara mbili na utaona kwamba hakuna mahali inapouliza idara yako inataka kujua nini. Imeandikwa ili idara isikwame. Kutokwama ni jambo jema, lakini idara inaweza kukaa miaka 10 bila kukwama, ikahitimisha mamia ya wanafunzi kila mwaka, na bado mtu aliye nje ya lango la chuo asiweze kutaja jambo hata moja ambalo idara hiyo imeligundua kuhusu jamii anamoishi. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyepokea barua hiyo, na una hoja moja. Idara ya sosholojia hustawi inapokuwa na kazi moja ya utafiti inayowashirikisha walimu na wanafunzi wengi, inayohusu jamii inayoizunguka, na inayoendelea kwa miaka mingi bila kukatika. Kuianzisha, kuilisha na kuilinda kazi hiyo ndilo jukumu lako la kwanza. Ajira, mitaala, fedha na ratiba, ambavyo ndivyo vitakavyokula siku zako nyingi, vipime kwa namna vinavyoihudumia.

Anza na mfano unaotajwa kila mahali, kwa kuwa wengi huukumbuka kwa sababu isiyo sahihi. Chuo Kikuu cha Chicago kilifunguliwa mwaka 1892, na Albion Small akapewa kazi ya kuanzisha idara ya sosholojia. Mwaka 1895 alianzisha jarida la American Journal of Sociology, ambalo linatoka hadi leo. Vitabu vya kozi za utangulizi huieleza idara hiyo kwa majina makubwa: Thomas, Park, Burgess, Wirth. Mkuu wa idara akisoma hivyo anahitimisha kwamba dawa ni kuajiri mabingwa, kisha anakata tamaa, kwa sababu mabingwa hawaji kwa mshahara anaoweza kuutoa. Lakini Robert Park alipofika Chicago karibu na mwaka 1914 alikuwa mtu wa umri wa miaka 50 hivi, aliyekuwa mwandishi wa habari na baadaye msaidizi wa Booker T. Washington, kiongozi wa Wamarekani Weusi, katika chuo cha Tuskegee. Kamati ya ajira ya leo, yenye mizani yake ya kuhesabu machapisho, huenda isingemwita hata kwenye usaili. Yaliyofuata miaka ya 1920 yalitokana na mpangilio. Park na Ernest Burgess walitumia ofisi moja, wakatoa kitabu kimoja cha kufundishia mwaka 1921, na wakawatuma wanafunzi wao katika mji uleule mmoja, uliokuwa ukipanda kutoka watu milioni 1.1 hivi mwaka 1890 kuelekea karibu milioni 3.4 mwaka 1930. Nels Anderson akaandika juu ya vibarua wasio na makazi (1923), Frederic Thrasher juu ya magenge ya vijana (1927), Harvey Zorbaugh juu ya matajiri na mafukara waliotenganishwa na mitaa michache tu (1929). Kila mmoja alikuwa na swali lake, ila wote walikuwa wakijaza ramani moja, na aliyekuja nyuma alianzia pale mwenzake alipoachia.

Utasema Chicago ilikuwa na fedha za Rockefeller. Ni kweli: chuo chenyewe kiliasisiwa kwa fedha hizo, na kuanzia mwaka 1923 mfuko wa Laura Spelman Rockefeller Memorial uligharimia kamati ya utafiti wa mji. Basi tazama Atlanta. W.E.B. Du Bois alifika Chuo Kikuu cha Atlanta mwaka 1897, chuo kidogo cha Wamarekani Weusi katika jimbo la Georgia, wakati sheria za ubaguzi zikizidi kukazwa. Alikuta makongamano ya kila mwaka yaliyoanza mwaka 1896, akayageuza kuwa programu ya utafiti: mwaka mmoja biashara, mwingine mafundi, mwingine kanisa, mwingine uhalifu, mwingine familia, na kila mada ichapishwe. Nia yake ilikuwa kwamba baada ya miaka 10 mzunguko uanze upya kwa mada zilezile ili mabadiliko yapimike, na mpango uendelee hivyo kwa miaka 100. Fedha zilikuwa kidogo mno. Data nyingi zilikusanywa kwa kujitolea na wahitimu wa chuo hicho na wa vyuo vingine vya Weusi, waliotawanyika majimbo ya kusini wakifundisha shule na kuongoza makanisa. Haya yalikuwa yakifanyika zaidi ya mwongo mmoja kabla ya Park kufika Chicago, na Aldon Morris, katika kitabu chake cha mwaka 2015, ameonesha jinsi kazi hiyo ilivyofunikwa na sifa ikapelekwa kwingine. Kwa hiyo uhaba wa fedha hupunguza kasi, lakini hauzuii mpangilio. Atlanta ina funzo la pili lililo chungu zaidi. Wafadhili waliendelea kujivuta, kwa sehemu kwa sababu ya mgogoro wa Du Bois na Booker T. Washington, na Du Bois akaondoka mwaka 1910. Mpango wa miaka 100 ukafifia baada ya muda mfupi. Ulikuwa umejengwa juu ya mabega ya mtu mmoja. Hilo nitalirudia baadaye, maana ndipo wakuu wengi wa idara wenye bidii hujikwaa.

Afrika Mashariki haikosi mifano yake. Pale Nairobi, Philip Mbithi alilichukua jambo ambalo kila Mkenya alilijua, harambee, akalifanya swali la sosholojia, na mwaka 1977 yeye na Rasmus Rasmusson wakatoa kitabu juu yake. Tanzania ya miaka ya 1970 iliona utafiti shirikishi wa Marja-Liisa Swantz, ambao uliwapeleka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vijijini na kuwafanya wanakijiji kuwa watafiti wenza badala ya watu wa kuhojiwa tu. Miaka ya 1990 kundi la watafiti wa chuo hichohicho lilishughulikia wasichana walio katika umri wa balehe na afya yao ya uzazi. Matunda yake ni vitabu viwili vyenye majina ambayo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa, Chelewa, Chelewa (1994) na Haraka, Haraka (1998). Kundi hilo lilikaa pamoja miaka kadhaa, likisomana na kukosoana, na ndiyo maana kitabu cha pili kiliweza kusonga mbele kutoka cha kwanza. Tatizo la eneo letu si ukosefu wa vipaji wala wa maswali. Makundi ya namna hii mara nyingi huzaliwa na mradi, na mradi una tarehe ya kufungwa. Idara haina tarehe hiyo, na hapo ndipo faida yako kama mkuu wake ilipo.

Hatua ya kwanza haigharimu chochote. Kabla ya kuitisha kikao cha mpango mkakati, tafuta tasnifu na ripoti za utafiti ambazo wanafunzi wa idara wameandika katika miaka 15 au 20 iliyopita. Nyingine ziko maktaba kuu, nyingine zimerundikwa ofisini. (Kama ziko kwenye kabati lililofungwa na hakuna ajuaye ufunguo uko wapi, umeshajua hali ya kumbukumbu ya idara yako.) Chagua wanafunzi wawili wa uzamili, wape jedwali lenye safu chache: mwaka, mahali, mada, njia iliyotumika, idadi ya waliohojiwa. Usishangae ukikuta kata moja imetafitiwa mara nyingi na watu wasiosomana, kila mmoja akianza na historia ileile ya kata na kumaliza na mapendekezo yaleyale kwa serikali. Jedwali hilo ndilo utakaloliweka mezani kwenye kikao cha kwanza cha idara. Lina nguvu kuliko hotuba, kwa sababu linawaonesha wenzako kwamba tayari wamefanya kazi kubwa, ila imepotea kwa kutounganishwa.

Kisha chagueni uwanja. Pima mapendekezo kwa mambo matatu. Je, mwanafunzi asiye na posho anaweza kufika huko kwa daladala au matatu na kurudi siku hiyohiyo? Je, uwanja ni mpana kiasi cha kumpa nafasi mtu wa sosholojia ya dini, wa familia, wa kazi, wa afya na wa mazingira? Na je, maswali yake yanaweza kuulizwa tena baada ya miaka mitano yakaleta jibu jipya? Dar es Salaam ilikuwa na watu wasiofika 300,000 katika sensa ya mwaka 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Kasi hiyo inaizidi Chicago ya miaka ya Park, na sehemu kubwa ya ukuaji huo imekwenda kwenye makazi yasiyopangwa. Nani anashuhudia mauziano ya viwanja huko, nani anakusanya michango ya msiba, mjumbe wa shina ana uzito gani mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mpangaji anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaitoa wapi: maswali haya yanatosha kuilisha idara kwa kizazi kizima. Mombasa ina watu wanaomiliki nyumba juu ya ardhi isiyo yao, mpangilio ambao sheria za kawaida za umiliki zinapata shida kuueleza. Kampala ina mvutano wa mwenye hati ya ardhi ya mailo na mwenye kibanja anayeishi juu yake. Idara iliyo katika mji mdogo wa bara haiko nyuma: mnada wa kila wiki, mashamba yanayogeuka viwanja pembezoni mwa chuo chenyewe, na vijana wanaokuja kupanga vyumba kwa ajili ya masomo ni uwanja ulio mlangoni.

Hapa mhadhiri mwandamizi atanyoosha mkono na kusema kwamba uhuru wa kitaaluma unampa haki ya kuchagua swali lake, na kwamba hakusomea uhamiaji wa kimataifa ili aje kuhesabu nyumba za wapangaji. Pingamizi hili ni zito, usilijibu kwa cheo. Jibu ni kwamba kinachoshirikiwa ni mahali na data. Nadharia kila mtu anabaki na yake. Chicago yenyewe haikuwa na nadharia moja, na mfano bora zaidi wa kugawana uwanja bila kunyang'anyana uhuru unatoka Chuo Kikuu cha Michigan. Kuanzia mwaka 1951, kwa takriban nusu karne, idara ya huko iliendesha utafiti wa kila mwaka katika eneo la Detroit. Kila mwaka mwalimu mwingine alipewa usukani na mada ilibadilika kufuatana na swali lake. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu walitunga dodoso, wakaenda kuhoji, wakachambua, na hiyo ikawa kozi yao ya mbinu za utafiti. Mtaalamu wa uhamiaji hakulazimishwa kuacha uhamiaji. Alisubiri zamu yake, na zamu ilipofika idara nzima ilimfanyia kazi. Kwa hiyo usimwombe mwenzako maisha yake yote ya utafiti. Mwombe sehemu, umpe zamu, na yule asiyetaka kabisa mwache, maana kumlazimisha kutakugharimu zaidi ya kumkosa.

Ila chukua na tahadhari iliyo ndani ya mifano hiyohiyo. Idara yenye kazi ya pamoja hujenga fahari, na fahari hufunga masikio. Ramani za mitaa zilizoipa Chicago jina zilikuwa na watangulizi mtaani: wanawake wa Hull House, kituo cha huduma za jamii mjini humo, walichapisha ramani za mishahara na mataifa ya wakazi wa ujirani wao mwaka 1895, na kazi yao ilihesabiwa kuwa ustawi wa jamii, si sosholojia. Kufikia mwaka 1936 wanasosholojia wa vyuo vingine vya Marekani walikuwa wamechoshwa na ukubwa wa Chicago kiasi cha kuanzisha jarida lao, American Sociological Review. Kwa mkuu wa idara ya hapa, maana yake ni kuuliza mapema nani tayari anaujua uwanja huo. Maofisa ustawi wa jamii wa manispaa, waandishi wa habari wa mitaa, wauguzi wa zahanati, watendaji wa kata walioandika madaftari kwa miaka mingi: hawa waalikwe kwenye semina kama wasemaji, na wakitoa maarifa yatajwe kuwa yao.

Semina ndiyo mahali kazi ya pamoja inapopumulia. Iwe ya kila wiki, siku na saa isiyobadilika, iingizwe kwenye ratiba rasmi ya chuo kabla ya kozi nyingine kugawanywa ili mtu asipangiwe mhadhara saa hiyo. Andiko lisambazwe siku tatu kabla, na mwandishi asilisome kwa sauti. Apewe dakika 10 za kueleza linapomwelemea, kisha wengine waseme. Mkuu wa idara afike kila mara na asiongoze mara nyingi. Ruhusu Kiswahili. Mahojiano mengi ya uwanjani yamefanyika kwa Kiswahili, na mwanafunzi anayelazimishwa kuyajadili kwa Kiingereza tu huishia kusema anachoweza kukisema badala ya alichokisikia. Andiko la mwisho linaweza kuwa kwa lugha yoyote inayotakiwa na jarida, lakini nakala za mahojiano zihifadhiwe kwa lugha yalimosemwa. Wengi hawatakuja wiki za mwanzo. Usiweke daftari la mahudhurio. Weka maandiko mazuri na chai, na anza na andiko lako, liwe bichi kiasi kwamba wenzako waone haya kuogopa kuleta yao.

Pingamizi la darasa kubwa ndilo linalonyamazisha mipango mingi. Mwalimu mwenye wanafunzi 400 wa mwaka wa pili anauliza utafiti ataufanya saa ngapi. Lakini wanafunzi hao 400 wanafundishwa kozi ya mbinu za utafiti kwa kukariri tofauti ya sampuli hii na ile, kisha wanasahau. Igeuze kozi hiyo kuwa mguu wa kazi ya pamoja. Kila mwanafunzi akifanya mahojiano mawili tu, kwa mwongozo mmoja, katika mitaa iliyopangwa, una mahojiano 800 kwa mwaka. Ubora hautakuwa sawa; mengine yatakuwa ya kubuni, na ni afadhali ukubali hilo mapema na kuliwekea ulinzi. Punguza ukubwa wa kila kazi, wape wanafunzi siku za mazoezi kabla ya kutoka, watume wawili wawili, na mhadhiri msaidizi arudi kwa sampuli ndogo ya waliohojiwa kuhakiki. Wafundishwe kuomba ridhaa kabla ya kufundishwa kuuliza, na wabebe barua ya utambulisho inayojulikana kwa mwenyekiti wa mtaa. Liko pia swali la haki ambalo halipaswi kuahirishwa: mwanafunzi si mkusanyaji data wa bure wa mwalimu. Alichokusanya kimpatie alama, aweze kukitumia kwenye tasnifu yake, na jina lake liwemo kwenye ripoti. Idara inayosahau hili itaanza kusikia manung'uniko bwenini, nayo yatakuwa ya haki.

Tuje kwenye fedha, ambako mkuu wa idara hupambana na nguvu kubwa kuliko zote. Mahmood Mamdani, aliyeongoza Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere kuanzia mwaka 2010 hadi 2022, amelieleza tatizo kwa ukali unaostahili: kazi za ushauri elekezi humgeuza msomi wa Kiafrika kuwa mkusanyaji wa majibu ya maswali yaliyotungwa na mteja, na kazi ya kutunga maswali hubaki kwingine. Dawa yake ilikuwa programu ya uzamivu yenye madarasa na usomaji mzito, iliyoanza mwaka 2012. Utambuzi wake naukubali wote. Dawa yake inaifaa taasisi ya utafiti. Kwa idara ya kawaida haitoshi. Mwalimu wako ana ada za watoto, wazazi kijijini na nyumba isiyoisha kujengwa, na ukimwambia aache ushauri elekezi kwa ajili ya heshima ya taaluma atakusikiliza kwa adabu na kuendelea na safari zake. Afadhali uuwekee masharti ushauri huo.

Kielelezo ni Paul Lazarsfeld katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ofisi yake ya utafiti, iliyochukua jina la Bureau of Applied Social Research mwaka 1944, iliishi kwa mikataba ya vituo vya redio, wachapishaji, makampuni na serikali. Utafiti uliofanywa katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois, mwaka 1945, kwa sehemu kwa fedha za mchapishaji wa majarida aliyetaka kuwaelewa wasomaji wake, ndio uliozaa kitabu cha Katz na Lazarsfeld cha mwaka 1955 kuhusu namna maoni yanavyosambaa kupitia watu wanaoaminiwa na jirani zao. Mteja alipata alichokilipia na sosholojia ikapata chake kutoka kwenye madodoso yaleyale. Wanafunzi wa Columbia walijifunza kazi humohumo. Upande wa giza upo pia: C. Wright Mills, aliyesimamia kazi ya uwanjani Decatur, alifarakana na Lazarsfeld, na mwaka 1959 alichapisha shambulio kali dhidi ya utafiti unaokusanya takwimu bila kujua unauliza nini. Ukiwasoma wote wawili pamoja utapata kanuni za kuandika kwenye sera ya idara. Ushauri elekezi unaopitia idarani uwe na angalau mwanafunzi mmoja wa uzamili anayelipwa. Data, zikishaondolewa majina, ziwekwe kwenye hifadhi ya idara baada ya muda uliokubaliwa. Mkataba uruhusu uchapishaji wa kitaaluma, na mteja akikataa, mwalimu afanye kazi hiyo kama mtu binafsi, nje ya saa na nembo ya idara. Na katika kila dodoso, kurasa mbili za maswali ziwe za idara. Wateja wengi hawatapinga kurasa mbili. Wengi hawasomi dodoso hadi mwisho.

Ajira na upandishaji vyeo havihitaji maneno mengi. Unapojaza nafasi, mtu wa wastani anayependa kusoma kazi za wenzake atakufaa kuliko nyota asiyefika ofisini. Kwa kuwa mizani ya vyeo katika vyuo vingi huhesabu makala, andika kanuni ya majina ya waandishi kabla data hazijakusanywa: nani yuko kwenye makala ya kwanza, nani ana haki ya kuandika peke yake, baada ya muda gani data ziwe wazi kwa wote. Ugomvi wa majina umevunja makundi mengi kuliko ugomvi wa fedha, na ukishaanza hakuna kikao cha usuluhishi kinachoumaliza vizuri.

Mahusiano na dola yanataka uangalifu zaidi. Utafiti wa jamii unahitaji vibali, na utafiti wa muda mrefu unahitaji vibali vinavyohuishwa. Tanzania hutolewa na COSTECH, Kenya na NACOSTI, na chini ya hapo kuna ngazi za utawala hadi mtaani. Mpe mtu mmoja idarani jukumu la vibali, mpunguzie kozi moja, kwa sababu mwanafunzi aliyerudishwa na mtendaji wa kata kwa kukosa karatasi amepoteza muhula. Sheria nazo hubadilika: mwaka 2018 Tanzania iliweka katika sheria ya takwimu vizuizi vikali juu ya kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali, vikaja kulegezwa mwaka 2019. Idara yenye kazi ya pamoja ina kinga kidogo ambayo mtafiti wa peke yake hana, kwa kuwa matokeo yake yamepitia macho ya wengi na njia zake zimeandikwa. Kinga nyingine ni wakazi wenyewe. Kila mwaka rudisheni matokeo mtaani, kwenye mkutano wa hadhara wa serikali ya mtaa, kwa Kiswahili na kwa muda wa kuulizwa maswali. Wakazi watawasahihisha, na baadhi ya masahihisho hayo yatakuwa data bora kuliko mlizokuja nazo. Mwenyekiti aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo ni vigumu kuaminishwa kwamba wanafunzi wenu ni wapelelezi.

Limebaki pingamizi la muda. Katika vyuo vingi mkuu wa idara hukaa miaka mitatu, labda sita, hana bajeti ya maana, na anayemfuata huja na mawazo yake. Albion Small aliongoza idara ya Chicago kwa zaidi ya miaka 30, na hakuna anayetamani jambo hilo litokee tena mahali popote. Lakini ufupi wa muda ni hoja inayoiunga mkono kazi ya pamoja, kwa sababu vitu ambavyo mkuu wa idara anaweza kuviacha nyuma ni vichache, na mradi wake binafsi haumo. Semina iliyo kwenye ratiba rasmi hubaki. Hifadhi ya data yenye kanuni zilizopitishwa na kikao cha idara hubaki. Kozi ya mbinu iliyofungwa kwenye mtaala uliopitishwa na seneti hubaki, kwa kuwa kuibadilisha kunahitaji vikao vingi kuliko uvivu wa mtu yeyote unavyoweza kuvumilia. Makubaliano yaliyoandikwa na halmashauri hubaki. Vigeuze vitu unavyovipenda kuwa karatasi za namna hii mapema, ndani ya mwaka wako wa kwanza, wakati nia njema ya wenzako haijachoka.

Kisha urudi kwenye kosa la Atlanta. Kufikia mwaka wa pili, usukani wa kazi ya uwanjani uwe mikononi mwa mwingine, ikiwezekana mhadhiri kijana ambaye bado ana miaka 20 ya kukaa idarani. Wewe baki na yale yanayohitaji saini ya ofisi: barua kwa amidi, mgawanyo wa kozi unaompunguzia mzigo, mabishano na idara ya fedha. Atafanya mambo tofauti na ulivyopanga. Atabadilisha dodoso, ataongeza kata uliyoikataa, na atafuta swali ulilolipenda. Mwache, ila msimamie kwenye jambo moja: maswali machache ya msingi yaulizwe kila mwaka kwa maneno yaleyale, bila kuguswa. Bila maswali hayo mwaka wa kumi hauwezi kulinganishwa na wa kwanza, na idara itakuwa imefanya tafiti 10 ndogo zisizojuana, jambo ambalo jedwali lako la tasnifu lilikwisha kukuonesha siku ulipoanza.